Mwaka wa Pampu ya Upepo

Kalondu tulimzika Alhamisi, na mpaka leo miguu yangu haijanisamehe. Kutoka Wote hadi Kwa Vonza si safari ya mtu wa umri wangu, na ukifika unakalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema tangu asubuhi hadi alasiri, ukisikiliza watu ambao hawakumjua marehemu wakimsifu. Wasifu wake ulisomwa na mpwa wake kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akaokoka, akajaliwa watoto wawili, na "alishiriki katika miradi ya maji." Basi. Nilikuwa bado natafuta miwani kwenye mkoba, na mwaka mzima wa maisha yetu ukawa umeshapita. Sikukasirika. Siku hizi hasira hunichosha kabla sijaianza. Lakini niliporudi nyumbani ule mwaka ulikuja nami, na haujataka kuondoka, kwa hivyo nauandika. Habari za wazazi wangu na ukoo wetu nitaziacha, wengine wameshazisimulia vya kutosha. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, na Kalondu alikuwa jirani yangu, amenizidi miaka michache, mke wa dereva wa malori ya mizigo aliyeonekana nyumbani mwisho wa mwezi, akionekana.

Akina mama wa pale walikuwa na mwethya wao, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu. Leo wote wanalima kwako, kesho wote wanalima kwangu, na asiyerudisha zamu hujisikia uchi hata kama hakuna aliyemsema. Ndani ya mwethya kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake. Mwenyekiti alikuwa Mama Kyalo, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuwatosha watu wa ng'ambo ya bonde. Kalondu peke yake aliitwa Kalondu. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na nesi wa zahanati alimwambia wazi kwamba akishika nyingine, asibebe mzigo wowote mgongoni. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye dawati. Maji yetu yalikuwa mtoni, chini ya mchanga. Unachimba shimo, unangoja lijae, unateka kwa kikombe, kisha unapanda kilima na jerikeni mgongoni, mkanda wa mukwa umekukata paji la uso. Hakuna mke wa mtu aliyeishi pale bila kubeba maji. Ndiyo maana Kalondu, ambaye hakuwa msemaji, alisimama siku moja mkutanoni akasema amesikia kuna shamba karibu na Mukuyuni ambako mwenyewe ameingiza umeme na anauza pampu yake ya upepo, nzee lakini nzima. Kando ya kanisa letu palikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa na mradi fulani, pampu yake ya mkono ilikufa zamani, na sasa kilitumika kama kiti. Akina mama waliuza mbuzi. Kila mmoja alijua anauza kwa ajili ya maji, na kila mmoja alijua Kalondu anataka nini, ingawa hilo halikutajwa.

Mukuyuni nakumbuka kijani chake, na jinsi kilivyonitia wivu. Tulienda na lori la kukodi, wanawake wote nyuma, tukakuta mnara umesimama katikati ya michungwa, na juu yake gurudumu kubwa la mabati yaliyopindwa, linazunguka polepole bila kazi. Aliyetupokea ni Mzee Kioko, aliyeitunza mashine hiyo tangu ujana wake, na ambaye sasa magoti yalikuwa yamemwisha. Alitufundisha kufungua kila kitu akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akielekeza kwa fimbo na kugombana na sisi na yeye mwenyewe, maana majina ya vyuma vingine alikuwa ameyasahau. "Ile kitu inakaa kama skio, hapo, hapana, ile ingine." Mchana mkewe alituletea sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi, tukala kwenye sakafu ya ghala lake katikati ya vyuma, mikono inanuka mafuta ya mashine. Nilimsikia mkewe akimuuliza kwa sauti ya chini, "Na hawa watapanda juu na nani?" Mzee akajibu, "Na hao hao." Akaendelea kutafuna. Siku chache baadaye alikuja kwetu na begi dogo, akapewa chumba cha nyuma cha kanisa, na akakaa hadi mnara uliposimama.

Vyuma vidogo viliwekwa jikoni kwa Kalondu, kwa sababu ndiyo nyumba isiyokuwa na watoto wa kuchezea nati. Huko ndiko nilikosoma zaidi kuliko shule yote niliyopitia. Jiko lilikuwa na mafiga upande mmoja na upande mwingine gunia lililotandazwa, na juu ya gunia ile mashine yote, imelala vipande vipande. Tulisugua kutu kwa mchanga na mafuta ya taa. Tulijifunza kwamba gurudumu linageuza gia, gia zinainua na kushusha fimbo ndefu ya chuma, fimbo inashuka ndani ya mabomba hadi chini kabisa kwenye maji, na huko kuna washa, pete za ngozi, zinazonyonya na kusukuma. Ngozi ikikauka, inakunjika, na umefanya kazi bure. Tulijifunza mkia, ule unaolielekeza gurudumu kwenye upepo, na breki yake, waya mrefu unaoshuka hadi mkono wa chuma chini ya mnara. Ukivuta mkono, mkia unajikunja, gurudumu linaupa upepo ubavu na kusimama. Mzee Kioko alisema mtu asipande kamwe kabla breki haijavutwa, na akatuonyesha kidole chake kifupi, basi hatukuhitaji maelezo. Kalondu alizishika habari hizi haraka kuliko mimi. Alikoroga uji kwa mkono mmoja na kwa ule mwingine alipapasa chuma, akiniuliza, "Hii inaingia wapi? Na ikikataa?" Hilo la ikikataa ndilo aliloliuliza kila mara. Mimi nilitaka tu kujua inafanyaje kazi ikikubali.

Wanaume waliokuwepo walikuja kutazama, wakacheka, wakaenda. Halafu kukawa na kesi ya suruali. Mhubiri hakutaka mwanamke apande mnara wa kando ya kanisa akiwa na suruali, na sketi nayo ilikuwa na mashaka yake, ukizingatia waliosimama chini. Mama Kyalo aliamua. "Watavaa suruali ndani ya sketi, na wewe pasta utaangalia Biblia yako." Mimi na Kalondu tukawa wapandaji, mimi kwa sababu nilikuwa mwepesi na sina kazi, yeye kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkatalia. Alipanda vizuri kunishinda. Alikuwa na namna ya kukaa kwenye kijukwaa cha juu miguu ikining'inia, anatia grisi, anaimba pambio, kama yuko kwenye kigoda cha jikoni. Mimi nilipanda nikiwa nimefumba jicho moja.

Kabla mnara haujakamilika, asubuhi moja alinikuta nikifungua kopo la grisi akaniambia taratibu, "Mwikali, kuanzia leo panda peke yako." Nikamtazama, naye akatazama pembeni. Nikaelewa. Nilifurahi, na wakati huo huo niliogopa, kwa sababu sasa ile mashine haikuwa chombo tu. Ilibidi ifanye kazi kabla kiangazi hakijakolea, na iendelee kufanya kazi hadi mtoto azaliwe, la sivyo Kalondu angerudi mtoni. Sijawahi tena kutaka chuma kigeuke namna ile. Mwezi wa Juni upepo uliingia, tukaachia breki, gurudumu likashika, na baada ya kukohoa sana lile bomba likatema maji mekundu ya kutu ndani ya tangi la bati tuliloinua juu ya mawe kando ya mnara, kisha yakaja safi. Akina mama waliimba. Kalondu hakuimba. Alikwenda akasimama chini ya tangi, akaweka kiganja kwenye bati, anasikiliza maji yakipanda.

Sasa niseme habari ya shingo, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na kila nikisimulia watu husema wao wasingefanya hivyo. Wangefanya. Pale fimbo inapoingia kwenye bomba, juu ya kisima, kuna mahali Mzee Kioko alipaita shingo. Ndani yake imezungushwa kamba iliyolowa grisi, na juu kuna nati kubwa inayoibana ile kamba ili maji yasiruke nje. Mzee alitufundisha kuikaza kwa mkono, halafu kuirudisha nyuma kidogo, mpaka idondoshe. Tone moja, unapumua, tone lingine. Yale matone ndiyo yanayoipoza fimbo. "Mkiona imekauka, mjue imeanza kuungua. Wacheni idondoke," alisema, akayarudia siku ya kuondoka, akiwa ameshapanda lori la kumrudisha Mukuyuni. Wote tulisikia. Wote tuliitikia. Lakini mzee yule aliishi kwenye michungwa. Utunzaji wetu ulikuwa wa zamu, kila siku nyumba moja, kufagia, kupaka grisi ya chini, kukagua boliti. Na kila mama aliyekuja zamu yake aliona maji yakianguka kwenye vumbi, maji safi ambayo mwezi uliopita angeyafuata mtoni alfajiri, na mkono wake ulikwenda kwenye spana wenyewe. Kidogo tu. Tena kwa mwethya mtu haondoki kazini bila kuacha alama ya mkono wake, hata kama kazi imekwisha. Kesho yake anakuja mwingine, anakaza kidogo tu.

Nililegeza, wakakaza. Nikaweka karai chini ya shingo ili yasipotee, wakafurahi, wakanywesha kuku, na bado wakakaza. "Mwikali, wewe ni mtoto," Mama Kyalo aliniambia bila ubaya. "Hujabeba maji miaka ishirini. Siwezi kuangalia maji ikimwagika nikae tu." Nilimwambia Kalondu, nikidhani yeye atakuwa upande wangu, kwani shingo ilikuwa kazi yake tangu alipoacha kupanda. Alikuwa amekaa kizingitini anapepeta mtama, tumbo limeshajitokeza. "Najua," akasema. "Najua vile mzee alisema. Lakini Mwikali, nikiyaona yanaanguka, naona ni kama ni yangu hayatafika." Hapo nilielewa kwamba hata yeye alikuwa anakaza. Nilikaa kando yake tukapepeta mtama.

Mwezi wa Agosti fimbo ilianza kulia kama bawaba ya mlango. Akina mama waliipenda ile sauti, iliwaambia wakiwa majumbani kwamba pampu yao iko kazini. Mimi niliisikia kutoka juu nikajua fimbo inaungua. Nilikwenda kituo cha biashara kutafuta dereva wa kumpelekea Mzee Kioko habari, lakini Septemba ilifika kwanza, na upepo wake wa mchana. Nilikuwa nimekaa na Kalondu jikoni tunakula ngima na mboga ya kunde tuliposikia mlio mmoja mfupi, kisha gurudumu likienda kasi, jepesi, bila kishindo chake cha kawaida. Kalondu aliacha tonge sahanini. "Imekatika," akasema. Tulipofika, fimbo ilikuwa imekatikia kwenye shingo, nyeusi na imechubuka, na kipande kilichobaki kilikuwa kimedondoka chini kisimani. Mzee Kioko alipofika alipitisha kidole pale ilipoungua. Nilitaka awatukane. Alisema tu, "Mmeinyima," akaomba maji ya kunywa, na Mama Kyalo akamletea kikombe akiwa ameinamisha kichwa. Mabomba yote yangetolewa kwa kamba, moja moja, na fimbo ingetafutwa Machakos. Si kazi ya wiki moja.

Mwethya ulifanya ulichojua kufanya. Kila asubuhi mama mmoja alimletea Kalondu jerikeni, bila kuulizwa. Yeye alipokea, akashukuru, na kila jerikeni ilimwinamisha zaidi. Hakuwa na cha kurudisha. Kulima hangeweza, kuvuta mabomba hangeweza, na mume alikuwa barabarani. Akawa anapika uji kwa wavutaji wa mabomba, sufuria baada ya sufuria, na kwa uji huo huo alitumia maji waliyomletea, jambo lililomuumiza mara mbili. Mimi siku hizo nilikuwa juu mnarani nikikaza kapi za kamba. Ukiwa juu watu husahau kwamba una masikio, na upepo hukuletea maneno mazima. Niliwasikia wawili wakizungumza karibu na ukuta wa jiko lake, nyuma tu ya kanisa, mmoja akamtania mwenzake, "Huyu mtoto akizaliwa, Kalondu atatulimia mpaka azeeke." Wakacheka, kicheko cha kawaida cha watu waliochoka, na kama ningekuwa chini ningecheka nao. Halafu nikaona mlango wa jiko, Kalondu amesimama ndani yake na mwiko mkononi, anasikiliza. Miaka yote hii nimetafuta ubaya katika maneno yale na sijaupata. Ningeupata ningepumzika.

Alianza kwenda mtoni kabla hapajapambazuka, wengine wakiwa hawajaamka. Nilijua siku ya tatu au ya nne, nilipoona alama ya mukwa kwenye paji lake. Nilimpokonya ule mkanda, tukagombana kwa maneno mabaya, na nikaubeba nyumbani kwetu. Alikuwa na mwingine. Jumapili moja baada ya ibada niliitwa kwake. Akina mama walikuwa wamejaa chumbani, madirisha yamefungwa, joto la kukaba, na Mama Kyalo amepiga magoti mbele ya Kalondu. Gari lilikuwa limefuatwa kituoni na halikuwa limefika. Mtoto alikuja kabla ya gari. Alikuwa msichana, mdogo wa kuenea kwenye kanga iliyokunjwa, na alipumua. Mama Kyalo alimweka kifuani chini ya nguo zake ampatie joto, akakaa naye hivyo, anamtazama Kalondu, na tukaona usoni mwa Mama Kyalo pale pumzi ya mtoto ilipokoma. Walimzika wao wenyewe jioni, karibu na ua. Sisi ambao hatujazaa tuliambiwa tubaki ndani tuchemshe maji. Nakumbuka nikikoka moto nikiwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, na nikiyachukia yale maji, nikiyaona yakianza kutokota.

Fimbo ilipatikana mwezi wa Oktoba. Tulishusha mabomba, tukafunga ngozi mpya, tukazungusha kamba mpya shingoni, na safari hii Mzee Kioko aliiondoa ile spana akaenda nayo Mukuyuni. Asubuhi ya kwanza ya kazi, Mama Kyalo alisimama mbele ya kanisa akataja zamu kwa kichwa, kama kawaida, nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Kalondu aliruka. Alifanya hivyo kwa huruma, na wote tulitazama chini tukishukuru. Kalondu alikuwa amesimama nyuma. Alikuwa amekonda, na ile suruali ndani ya sketi ilikuwa imemlegea. "Mama Kyalo," akasema, "zamu yangu mmepeleka wapi?"

"Tumeonelea upumzike, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Utaingia baada ya mvua."

"Nimepumzika."

Alikuja kwangu, akachukua kopo la grisi mkononi mwangu, akasema, "Vuta breki." Nikavuta. Gurudumu lililokuwa limekwisha kushika upepo likageuka ubavu, likapunguza, likasimama. Alipanda polepole, anapumzika kila baada ya ngazi chache, na mimi nilishikilia ule mkono wa chuma kwa mikono yote miwili ingawa ulikuwa umejifunga wenyewe. Juu alifanya kila kitu kama tulivyofundishwa. Alifungua kifuniko cha gia, akatia grisi, akakagua boliti, akafunga. Kisha akakaa kwenye kijukwaa, ametugeuzia mgongo, anaangalia upande wa vilima vya Makueni, na tukaona mabega yake yakianza kutikisika.

Upepo ulikuwa mzuri asubuhi ile. Mwezi ule ulikuwa unakufa ikifika saa nne. Tangi lilikuwa tupu kabisa, na jerikeni zilikuwa zimepangwa kutoka kisimani hadi mlango wa kanisa, za wanawake ambao walikuwa hawajapata tone tangu jana. Walimtazama, wakaangalia miti ikiinama, wakamtazama tena. Mama Kyalo aliigeuza jerikeni yake, akaikalia. Wengine nao wakakaa. Mtoto mmoja alilia akanyonyeshwa. Mkono wangu ulikuwa kwenye breki nikingoja mtu aniambie nimwite ashuke, na jua likapanda, na miti ikatulia, na hakuna aliyeniambia.